Herufi Mbili za Mwisho

Rishton, 12 Oktoba 1939

Binti yangu Muazzam,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, hofu ni juu yako wewe uliyepelekwa milimani kufundisha watoto wa watu. Barua hii anaiandika jirani yetu Tursunoy, maana mama yako, kama ujuavyo, kalamu sijawahi kuishika. Mdogo wako Ergash yuko kwenye tanuru ya marehemu baba yako tangu asubuhi, anachoma mabakuli. Hata angekuwa hapa nisingempa kazi hii. Kuku akipita juu ya unga huandika vizuri kuliko yeye.

Umesema una watoto ishirini na sita na kitabu kimoja. Sasa wengine wanasoma nini, mgongo wa mwenzao? Mimi nilisomeshwa na bibi mmoja mwenye chongo, tukaimba alifu be te mpaka majirani wakatuchukia. Nikajua kusoma. Kuandika tulinyimwa. Walisema msichana akijua kuandika atawaandikia wavulana. Leo nina miaka hamsini na nne, herufi nilizosomeshwa hazitumiki tena, na mvulana wa kumwandikia sina, ila huyu wa tanuru ambaye hata nikimwita kwa mdomo haji.

Yule mhasibu wa wilaya bado hajaoa. Ni mtu mpole, tena ana baiskeli.

Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako,
Sharofat


Yettibulok, 2 Novemba 1939

Mama yangu mpenzi,

Nilicheka mpaka watoto wakanishangaa. Hiyo ya nywele mbichi ni yako, naijua. Hiyo ya mhasibu na baiskeli yake ni ya Mama mdogo Tursunoy, usinikatalie. Shida ni kwamba katikati kuna maneno mengine ambayo sijui ni ya nani, na mimi nimekaa huku peke yangu, namtaka mama yangu, sitaki nusu yake na nusu ya jirani.

Kwa hiyo nimeamua. Nitakufundisha kama ninavyofundisha hawa wadogo. Vitabu sina, basi ninatumia vitu vya nyumbani. Herufi ya kwanza tuliyoanza nayo ni O, ninawaambia ni mkate, uko mzima, umetoka tanurini sasa hivi. Ya pili ni C, ni mkate uleule ila kuna mtu ameumega kabla wageni hawajafika. Nyumbani kwetu huyo mtu ni Ergash, unakumbuka tulivyokuwa tukimkimbiza uani? Ya tatu ni I, fimbo ya bibi yako mwenye chongo.

Mwambie Ergash akuletee sinia la udongo mbichi, laini, ule wa mabakuli. Andika kwa kidole. Ukikosea, lowesha kiganja, pangusa, anza tena. Hawa watoto wangu wakikosea kwenye karatasi wanalia, lakini kwenye udongo hawaoni haya. Kila barua nitakuletea tatu. Usiharakishe.

Binti yako,
Muazzam


Rishton, 20 Machi 1940

Muazzam,

Ni mimi. Naandika mimi. Hakuna mtu mwingine hapa.

Mkono unauma. Ergash anacheka. Nimempiga na kijiko.

Tursunoy amenuna. Ameniuliza, sasa mimi habari za mwanao nitazijuaje? Nimemwambia utauliza kama watu wengine.

Nimekukumbuka sana. Hili sikuweza kumwambia Tursunoy aliandike. Usiku wa kwanza ulipoondoka nililala kwenye godoro lako.

Mama


Yettibulok, 9 Septemba 1940

Mama yangu,

Nina habari ya kuchekesha, ingawa mimi sijaweza kuicheka. Walimu wote tuliitwa mjini wiki tatu. Herufi zimebadilishwa tena. Zile nilizokufundisha zinaondoka shuleni, zinakuja nyingine, nyingi zaidi, baadhi zinafanana na za mwanzo, baadhi hata sijui nizifananishe na nini. Moja iko kama mende aliyelala chali.

Niliporudi nikawafutia watoto ubao. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, zile za kwanza zilikosa nini?" Nikamwambia zimechoka.

Ukitaka, nitakufundisha na hizi. Ila mimi na wewe tutaendelea kuandikiana kwa zile zetu.

Muazzam wako


Rishton, 1 Oktoba 1940

Mwanangu,

Ahsante, sitaki. Utotoni nilipewa herufi, zikaenda. Uzeeni umenipa wewe nyingine, nimezihangaikia majira mawili mpaka vidole vimekakamaa. Wakitaka kubadilisha tena, wabadilishe na macho yangu kabisa. Wewe na Ergash mnaandika kwa ninazozijua, na watu wa kuniandikia mimi duniani ni ninyi tu.

Mhasibu kaoa. Tursunoy hajala siku mbili kwa huzuni.

Mama yako


Rishton, 3 Agosti 1941

Muazzam mwanangu,

Ergash ameondoka jana kwenda vitani. Walikuwa vijana kumi na tisa kwenye gari moja.

Asubuhi alisimama mlangoni kama kawaida yake, miguu kaitanua, kaziba mlango wote. Mimi nilikuwa nashona kofia ya mtu, nikamwambia, "Toka hapo, unanizibia mwanga." Maisha yake yote nimemwambia hivyo. Akasema, "Leo mama utaupata mwanga mpaka uuchoke." Nikamtupia uzi.

Nilimpikia mkate. Aliuma kipande kimoja, nikauchukua uliobaki nikautundika kwenye msumari juu ya rafu ya baba yako, pale anapouona mtu akiingia. Akirudi ataumaliza mwenyewe. Ameuma upande wa lile jino lake lililovunjika, alama inaonekana wazi. Nimeutazama leo nikakumbuka ile herufi yako ya pili.

Atatuandikia. Nimemwapisha aandike kwa herufi tulizozoea. Na mtu wa kunisomea barua za mwanangu simtaki, awe Tursunoy, awe mwenyekiti wa mtaa. Nitazisoma kwa macho yangu. Nimewatangazia wote wasikie.

Mama


Rishton, 25 Oktoba 1941

Mwanangu,

Barua ya nne ya Ergash imefika! Anasema viatu ni vikubwa, baridi ni kali, na kuna mwenzake kutoka Kokand anakoroma kama punda. Mwandiko ni uleule wa kuku. Nimeisoma mara tisa, peke yangu, nimefunga mlango.

Mzee Madamin wa posta amekuwa tajiri kwa ajili yetu. Akiona barua iliyokunjwa pembe tatu anajua ni ya askari, basi anaanza kupiga kelele tangu kwenye kona ya mfinyanzi wa kwanza, "Suyunchi! Suyunchi!" Habari njema haimpiti mtu bila kumlipa aliyeileta, kwa hiyo natoka na konzi ya lozi. Safari hii akazihesabu. "Sharofat," akasema, "barua ya mwezi jana ilikuwa fupi na ulinipa lozi nyingi zaidi." Nikamwambia alete ya kurasa kumi aone kama sitampa mti mzima.

Wewe unakula?

Mama


Rishton, 14 Desemba 1941

Muazzam mwanangu,

Leo nina barua ila siijui.

Imekuja kwenye bahasha, haikukunjwa pembe tatu. Ndani ni karatasi ya kupigwa chapa yenye muhuri, na mahali pachache pamejazwa kwa wino. Imeandikwa lugha yetu, ninahisi hivyo, lakini kwa zile herufi mpya. Jina la Ergash nimelikisia kwa sababu limejazwa kwa wino na lina herufi moja ileile ya zamani. Nadhani amepandishwa cheo. Mtu wa kawaida haandikiwi na muhuri.

Mzee Madamin leo sijui kaamkaje. Hakupiga kelele. Nimemwona tu uani, kavua kofia, ananipa bahasha huku anatazama mti. Nikamletea lozi zake. Akasema, "Leo usinipe, Sharofat." Nikamwambia, "Umenuna kwa ajili ya zile nilizokupunguzia?" Nikamtilia mfukoni kwa nguvu. Alipoondoka nikazikuta zote juu ya ukuta, kazipanga. Wazee wana kisirani.

Sitampa mtu mwingine aisome, nimeshasema, na nikirudi nyuma Tursunoy atanicheka mpaka nife. Kwa hiyo nimekunakilia yote, mstari kwa mstari, nyuma ya karatasi hii. Sijui nilichoandika, nimechora tu kama mtu anavyochora maua kwenye bakuli. Imenichukua siku nzima. Niambie imesema nini.

Mama yako,
Sharofat


Yettibulok, 28 Desemba 1941

Mama yangu,

Umenakili vizuri sana. Hakuna mtoto wangu hata mmoja angeweza.

Ni karatasi ya jeshi kuhusu Ergash. Imesema mwanao ni shujaa na amekuwa mwaminifu kwa kiapo chake. Neno hilo la ushujaa limo kabisa, Mama, sijaliongeza mimi.

Itunze vizuri. Usimpe mtu. Theluji imefunga njia ya magari, mtu wa posta anapita kwa farasi tu, na mkuu wa wilaya hatoi ruhusa kwa mwalimu kabla ya majira ya kuchipua. Lakini nitakuja. Sikukuu ya Navruz, mwezi wa Machi, haitapita sijafika.

Vaa soksi mbili.

Muazzam


Yettibulok, 28 Desemba 1941

Mama mdogo Tursunoy,

Nakuandikia peke yako, naomba ukimaliza uichome.

Ergash amekufa. Mama amepokea karatasi, hajui kuisoma, akaninakilia kwa mkono wake mwenyewe. "Mwanao Ergash, akiwa mwaminifu kwa kiapo chake, amekufa kishujaa vitani tarehe 9 Novemba." Mama yangu amekaa siku nzima akichora maneno haya kama maua, kisha akaniuliza yana maana gani. Nimesoma mbele ya darasa, watoto wameketi wanangoja niwaandikie herufi ya siku hiyo. Nimeiandika. Sijui nilifikaje mwisho wa somo.

Nimemdanganya. Nimechukua nusu ya maneno nikamwachia, nusu nimeyameza. Habari kama hii inapelekwa na mtu wa damu, anakaa karibu, anamshika mikono, wanawake wa mtaa wako nyuma yake. Siwezi kumtumia mama yangu kifo cha mwanawe kwenye bahasha akakisoma peke yake amefunga mlango. Njia ikifunguka nitakuja mwenyewe. Mpaka hapo, nakuomba, wewe na mtaa wote, msiseme.

Najua namwomba nani hili. Nisamehe.

Muazzam


Rishton, 15 Januari 1942

Muazzam mwanangu,

Mtaa mzima unajua. Madamin aliingia kwangu siku ileile, akakaa kwenye kizingiti akalia kama mtoto. Sisi tulifikiri mwenyekiti atamwambia, mwenyekiti akafikiri mimi nitamwambia.

Mimi ambaye watu wananiita redio, nimefunga mdomo. Nakwenda kwake kila siku na supu. Jana aliniambia, "Wewe mbona umekuwa mwema hivi, una ugonjwa?" Nikamwambia nina ugonjwa. Halafu akanionyesha ule mkate ukutani, akasema panya wameanza kuutamani. Nikatoka mbio nikaenda kulilia kwenye zizi la ng'ombe.

Njoo haraka. Sijazoea kunyamaza, nitapasuka.

Tursunoy


Rishton, 20 Januari 1942

Mwanangu Muazzam,

Nimefikiri. Karatasi inayosema mwanangu shujaa iko chini ya mto wangu, na mimi naitazama kama ng'ombe anavyotazama geti jipya. Nilisema zile herufi mpya sizitaki. Nimefuta usemi. Nifundishe. Nataka nilisome mwenyewe hilo neno, kwa macho yangu, kama nilivyosoma habari za viatu na za yule anayekoroma. Sinia la udongo nimelitoa tayari.

Ergash hajaandika tena. Nadhani shujaa hana nafasi.

Watu wamekuwa wema mno mwaka huu, sijui ni vita imewalainisha. Tursunoy ananiletea supu na hagombani nami tena kuhusu maji ya mfereji. Zamu yangu ikifika ananiachia kabla sijasema. Inanikera kidogo.

Mama


Yettibulok, 2 Februari 1942

Mama yangu,

Haya, tuanze.

O ni ileile, mkate mzima. C ni umbo lile la mkate uliomegwa, ila sauti yake imebadilika, sasa ni ile ya mwanzo wa neno "supu". Mpya ya kwanza ni Ш, kitana chenye meno matatu. Iko mwisho wa jina la Ergash, itafute. Ya pili ni Г, fimbo ya mchungaji yenye kona juu, nayo imo kwenye jina lake. Ya tatu ni П, fremu ya mlango usio na mlango wenyewe.

Andika mara kumi kila moja. Usiharakishe, Mama. Safari hii nakuomba kweli, usiharakishe.

Muazzam


Rishton, 12 Februari 1942

Mwalimu wangu,

Kitana nimekiona. Nimekiona pia kwenye jina langu, kiko mwanzoni. Sharofat naanza na kitana, Ergash anamaliza na kitana. Nimefurahi siku nzima kwa jambo dogo hivi.

Lete nyingine.

Mama


Rishton, 24 Februari 1942

Muazzam,

Za barua ya pili nimezimaliza, na za ya tatu pia. Mende ninamjua, kiti ninakijua. Jirani wa nyuma ana binti wa miaka saba, Zumrad, yuko darasa la kwanza, anakuja jioni tunashindana kwenye udongo. Ananishinda, tena ana majivuno. "Bibi, mkono wako mzito kama wa baba," ananiambia. Baba yake naye yuko vitani.

Lakini nina swali. Nimekaa na karatasi yangu. Kila mstari ninapiga hatua mbili tatu, halafu ninagonga ukuta, na ukuta wenyewe ni herufi mbili, hizohizo kila mara. Moja iko kama mkasi uliofunguliwa, ina mkia. Nyingine iko kama mtu aliyetanua miguu. Katika barua tatu hujaniletea hata moja kati ya hizo, na umeniletea mpaka zile ambazo kwenye karatasi hazimo. Umezisahau?

Mama yako


Yettibulok, 4 Machi 1942

Mama yangu,

Sijazisahau. Hizo mbili ni ngumu, zinafundishwa mwisho. Hata watoto wangu hawajafika huko. Kwa leo nakuletea Б na Ю. Ya kwanza ni birika lenye tumbo, ya pili ni mkate uliofungwa kwenye nguzo.

Theluji imeanza kuyeyuka upande wa jua. Ruhusa nimeahidiwa tarehe 18. Tafadhali, ningoje.

Muazzam wako


Rishton, 10 Machi 1942

Mwanangu Muazzam,

Kaa chini kwanza kabla hujasoma. Kama kuna watoto, watoe nje wakacheze.

Juzi nyumba ya nyuma walipiga ukunga. Baba yake Zumrad. Mwenyekiti alienda mwenyewe safari hii, akawasomea karatasi. Nilikwenda, tulilia, nikampikia mama yake. Jana asubuhi Zumrad akaja kwangu kimyakimya, kaficha kitu chini ya joho. Ameiiba karatasi ya baba yake. Akaitandika mbele yangu juu ya sinia.

"Bibi," akasema, "wanasema baba harudi. Wanasema imeandikwa humu. Nimesoma yote na sioni. Nionyeshe ni wapi pameandikwa."

Mwanangu, sikuwa na haja ya kusoma. Karatasi hii nimeinakili siku nzima, mkono wangu unaijua kama unavyojua kushona kofia. Mistari ni ileile. Muhuri ni uleule. Jina tu ndilo lingine. Na mtoto ameweka kidole pale alipokwama, palepale ninapokwama mimi. Akaniambia, "Hizi mbili Mwalimu bado hajatufundisha."

Nikaitoa yangu chini ya mto nikailaza kando ya yake. Tukazitazama wote wawili.

Nilimwambia nini, unajua? Nikamwambia, "Hizo mbili ni ngumu, zinafundishwa mwisho." Maneno yaliyotoka kinywani mwangu yalikuwa yako, hata barua yako ilikuwa bado haijafika, ilikuja leo. Nimeifungua nikayakuta humo. Nimekuonea huruma wewe, mwanangu, kabla sijajionea huruma mimi. Umebeba jambo hili peke yako tangu Desemba, milimani, na watoto ishirini na sita wakikutazama usoni.

Sasa na mimi nikwambie niliyokuficha. Nilijua. Nilijua siku ileile, nilipozikuta lozi ukutani. Hakuna mtu wa posta anayeacha lozi. Nilijua nikakataa kujua. Nilikunakilia nikitumaini kwamba mimi ni mwanamke mjinga, na binti yangu aliyesoma ataniandikia amepandishwa cheo. Ukaniandikia ni shujaa. Nikakaa hapo kwenye neno hilo. Nilipokuomba herufi nilitaka, na nilipozipata niliogopa, na kila barua yako ilipokuja bila zile mbili nilishukuru Mungu, maana nilikuwa nimepata siku kumi nyingine za kuwa na mwana.

Tursunoy nimemwita nikamwambia aache kunyamaza, anatia huruma. Tumelia pamoja mpaka kuku wakatoroka uani. Tumelowesha nguo yangu nyeupe kwenye rangi ya buluu ya msiba, na yako pia, ile ya harusi ya binamu yako. Utanisamehe kwa hiyo nguo, ilikuwa nzuri.

Mkate uko ukutani bado. Watu wananiuliza nitaufanyaje. Sijui. Nilimwekea yeye aje aumalize.

Sasa sina siku nyingine za kuomba. Nitumie zile mbili. Nataka nizipate kwako, nisifundishwe na mwenyekiti. Nitaliandika lile neno la kifo mara moja kwenye udongo kwa kidole changu, halafu nitalipangusa kwa kiganja chenye maji. Zumrad nitamfundisha baadaye, akifikisha umri wa kuzitaka.

Mama yako,
Sharofat


Yettibulok, 16 Machi 1942

Mama yangu,

Watoto nimewatoa nje. Wanacheza kwenye tope, nawasikia.

Herufi ya kwanza ni Ҳ. Ni mkasi wako wa kofia, ule mweusi, umeufungua na kuuacha kwenye mkeka, na kipande cha uzi kimebaki kimening'inia upande wa kulia chini. Anza juu kushoto, shuka. Kisha juu kulia, shuka. Mkia uwe wa mwisho.

Herufi ya pili ni Л. Niliogopa hii kuliko ile. Kila siku ya mwaka huu ilipofika zamu yake ubaoni niliiruka, watoto wangu wakafika Machi hawaijui. Leo asubuhi nimewafundisha. Ni Ergash, Mama. Amesimama mlangoni, miguu kaitanua, kaziba mlango wote. Chora mguu wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Ukishamaliza usimwambie atoke.

Kesho kutwa naanza safari. Mkate usiuguse. Nikifika tutauloweka kwenye chai, mimi na wewe, tuumalize kwa niaba yake.

Binti yako,
Muazzam